Bili, bomba na foleni: namna ya kuuangalia mfumo mzima wa mamlaka ya maji na kuuboresha

Ingia kwenye kikao cha menejimenti cha mamlaka ya maji ya mji, uliza kwa nini wateja wanalalamika, na kila idara itakupa dawa yake. Biashara watasema wadaiwa wakatiwe. Ufundi watasema mabomba yamechakaa. TEHAMA watasema programu ya ankara imepitwa na wakati. Utumishi watapendekeza semina ya huduma kwa mteja. Hakuna anayesema uongo. Ila dawa hizi zikitolewa kila moja kivyake, tatizo linahama tu. Ukikata wengi bila kurekebisha bili, baadhi yao watajiunganishia usiku na maji yanayopotea yataongezeka. Ukinunua programu mpya ukailisha usomaji mbovu wa dira (mita za maji), itatoa bili mbovu kwa kasi zaidi. Na karani aliyefundishwa kutabasamu bado atamwambia mteja, "Rudi kesho, anayehusika hayupo."

Mwongozo huu ni wa meneja, mkuu wa kanda au afisa huduma kwa wateja anayetaka kuutazama mfumo wote kabla ya kuchagua dawa. Nimechukua mamlaka ya maji ya mji wa kawaida Tanzania kwa sababu kazi yake inagusa kila kitu kwa pamoja: chanzo, umeme wa pampu, barabara, fedha, siasa ya bei, na ndoo ya mama jikoni. Anayeongoza hospitali, bandari au ofisi ya ardhi atazitambua hatua hizi na kuziweka kwenye mazingira yake. Tarakimu ninazotumia kwenye mahesabu ni za kielelezo. Weka za kwako.

Kwanza, mitazamo yenyewe

Kuna njia kadhaa za kufikiri kimfumo, na kila moja ilizaliwa kujibu swali tofauti.

Jay Forrester, mhandisi wa chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 alichunguza kwa nini ajira katika viwanda vya General Electric huko Kentucky zilikuwa zikipanda na kushuka kwa mizunguko. Alionyesha kwamba chanzo kikubwa kilikuwa maamuzi ya ndani ya kampuni na ucheleweshaji kati ya uamuzi na matokeo yake, kuliko soko la nje. Kutoka hapo ikakua elimu ya mienendo ya mifumo: kuchora mizunguko ya sababu na matokeo na kuona inavyojilisha yenyewe.

Stafford Beer wa Uingereza aliuliza swali jingine: shirika linahitaji viungo gani ili liweze kujimudu katika mazingira yanayobadilika? Peter Checkland, aliyetoka viwandani akaenda Chuo Kikuu cha Lancaster mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuta kwamba mara nyingi watu hawakubaliani hata tatizo ni nini, akajenga mbinu laini ya kuwawezesha kulijadili. Werner Ulrich wa Uswisi, mwaka 1983, aliandaa maswali 12 ya kuhoji mpaka wa mfumo: nani ananufaika, nani anaamua, ujuzi wa nani unasikilizwa, na nani anaathirika bila kuulizwa. John Seddon, naye wa Uingereza, alielekeza macho kwenye mahitaji yenyewe ya mteja, na hasa yale yanayozaliwa na kasoro za shirika.

Wazo la kuzitumia kwa pamoja nalo si geni. Robert Flood na Michael Jackson wa Chuo Kikuu cha Hull walipendekeza mwaka 1991 kwamba mtazamo mmoja uongoze na mingine iusaidie, kulingana na hali iliyopo. Hilo ndilo ninaloliamini kwa dhati: usiichemshe yote kwenye sufuria moja. Uliza ni swali gani liko mezani leo, na mwachie mwenye jibu lake aongoze.

Hatua ya 1: Chagua huduma moja na watu wa kuifuatilia

Usianze na "kuboresha mamlaka". Anza na huduma ambayo mteja anaweza kuitaja kwa mdomo wake: kuunganishiwa maji, kupata bili sahihi, kurudishiwa maji baada ya kulipa deni, kutengenezewa bomba lililopasuka. Kisha chagua kanda moja.

Unda timu ya watu sita hadi wanane: msoma dira, fundi wa kanda, karani wa dawati, mtu wa ankara, mtu wa stoo, mhasibu, na mtu mmoja mwenye madaraka ya kubadili utaratibu. Huyu wa mwisho ndiye muhimu kuliko wote. Asipokuwepo, kazi itaishia kwenye ripoti iliyojaladiwa vizuri. Akiwepo siku ya kwanza tu kufungua kikao kisha akatuma mwakilishi, matokeo yatakuwa yale yale. Akae kwenye timu, aende dawatini, asikie mwenyewe.

Hatua ya 2: Uliza mpaka uko wapi kabla hujagusa takwimu

Ni rahisi kuyaweka maswali ya Ulrich mwishoni, kama tathmini. Mimi nayaweka mapema, kwa sababu takwimu za ofisi zimeshaamua nani ni mteja na nani si mteja. Ukizianzia hizo, umeshawaacha watu nje bila kujua.

Chukua nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na dira moja. Dira iko kwa jina la mwenye nyumba anayeishi mji mwingine. Bili ikija kubwa wanaolipa ni wapangaji, maji yakikatwa wanaokosa ni wapangaji, lakini mmoja wao akija dawatini anaambiwa alete mwenye nyumba. Kwenye takwimu ni mteja mmoja. Kwenye maisha ni familia sita zisizo na sauti.

Chukua pia wanaonunua maji kwa ndoo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Kama ndoo inauzwa shilingi 50, uniti moja inamgharimu mnunuzi shilingi 2,500. Fanya hesabu hiyo kwa bei halisi ya mtaani kwako, uiweke pembeni ya bei iliyoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa kioski na kwa nyumba iliyounganishwa. Tofauti utakayoiona ni sehemu ya mfumo wako, hata kama haionekani kwenye hesabu zako.

Katika maswali 12, haya manne yajibiwe na timu kwa maandishi, kila moja mara mbili: jinsi ilivyo, na jinsi inavyopaswa kuwa.

Nani hasa ananufaika na huduma hii? Nani ana uwezo wa kubadili kipimo cha mafanikio? Ujuzi wa nani unahesabiwa kuwa ujuzi: wa mhandisi peke yake, au na wa balozi wa mtaa anayejua valvu ipi hufungwa saa ngapi? Na nani anawasemea wanaoathirika lakini hawamo kwenye kikao?

Pengo kati ya majibu mawili ya kila swali litakuambia nani aongezwe kwenye mazungumzo. Mara nyingi utaita mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwendesha kioski mmoja au wawili, na mpangaji. Waite kweli, na uwalipe nauli.

Hatua ya 3: Kaa dawatini, andika maneno ya mteja

Kwa wiki mbili timu ikae zamu kwenye dawati la huduma, kwenye simu, na pale ambapo ujumbe wa WhatsApp unapokelewa. Kila hoja iandikwe kwa maneno ya mteja mwenyewe. Usitumie orodha ya aina za malalamiko iliyoko kwenye programu. Orodha hiyo ilitengenezwa ofisini, nayo ina kisanduku cha "Mengineyo" kinachomeza mambo yote ya maana.

Utapata maneno kama haya:

"Nataka kuvuta maji nyumbani kwangu."
"Nimeshalipa, mbona mmenikatia?"
"Nililipia kuunganishiwa tangu mwezi juzi, mafundi wanakuja lini?"
"Bili imepanda na hatukuwepo nyumbani."
"Bomba limepasuka karibu na shule."
"Lile bomba la shule nililowaambia juzi bado linamwaga maji."

Sasa timu igawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mahitaji ya thamani, yale ambayo mamlaka ipo kwa ajili yake: kuvuta maji, kutoa taarifa ya bomba kwa mara ya kwanza. Fungu la pili ni mahitaji ya kasoro: mteja amerudi kwa sababu kitu hakikufanyika, au kilifanyika vibaya. Angalia mifano miwili ya bomba la shule. Tukio ni moja, lakini simu ya pili iko fungu la pili. Mjadala wa kugawa hoja hizi una thamani kubwa, kwa hiyo usiukatishe. Hapo ndipo mtu wa ankara anapogundua kwa mara ya kwanza kuwa msoma dira hana ufunguo wa mageti na huwa anakadiria.

Hesabu asilimia ya fungu la pili. Usiende na makisio ya vitabuni wala ya mji jirani; yako ndiyo yenye nguvu kwa sababu hakuna atakayeweza kuikataa. Kama nusu ya wanaopanga foleni wamekuja kwa sababu ya kasoro, basi kuongeza dirisha la pili ni kuigharamia kasoro ipate mahali pazuri pa kukaa.

Baada ya hapo fuata hoja chache kutoka mwanzo hadi mwisho. Chukua ombi la kuunganishiwa maji: fomu, upimaji, makadirio ya gharama, kumbukumbu namba ya malipo, malipo, vifaa vya stoo, kibali cha kukata barabara kutoka TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kama bomba linavuka, uchimbaji, kufunga dira, na kumwingiza mteja kwenye programu ya ankara. Tembea na karatasi hiyo kwa miguu. Kwenye kila meza andika mambo mawili: kazi yenyewe ilichukua dakika ngapi, na karatasi ilisubiri siku ngapi.

Kuna hesabu moja rahisi itakayokusaidia sana, iliyothibitishwa na John Little wa Marekani mwaka 1961: idadi ya walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya kuhudumia mara muda wa kusubiri. Kama maombi 240 yanasubiri na mafundi wanakamilisha 8 kwa siku, mwombaji wa leo atasubiri siku 30 za kazi. Ikiwa mkataba wa huduma kwa mteja uliobandikwa ukutani unasema siku 7, basi kwa kasi hiyo foleni haitakiwi kuzidi maombi 56. Ama upunguze foleni, ama uongeze kasi, ama ubandue ahadi. Kumkaripia mkuu wa mafundi hakubadili hesabu hiyo hata kidogo.

Hatua ya 4: Chora picha ya hali, kwa makundi

Hapa Checkland anachukua usukani, hasa kama umeona kwamba watu wanavutana kuhusu lengo. Chukua karatasi kubwa na kalamu za rangi, chora hali ilivyo: watu, ofisi, mabomba, fedha zinapopita, mahali penye ugomvi, hofu, tetesi. Haihitaji usanii.

Zingatia jambo moja la kwetu. Ukiwaweka wote chumba kimoja, mkurugenzi akaanza kuongea, picha itakuwa ya mkurugenzi. Vijana watasema "kama alivyosema mkuu" na kikao kitaisha. Kwa hiyo mafundi wachore peke yao, wasoma dira peke yao, makarani peke yao, waendesha kioski peke yao. Kisha picha zibandikwe ukutani pamoja, na viongozi wapite kuzisoma kimya kabla ya kuuliza. Aliyeshika cheo kikubwa azungumze mwisho.

Kutoka kwenye picha hizo, kila kundi liandike sentensi moja: huu ni mfumo wa kufanya nini, kwa njia gani, ili kupata nini. Mhasibu ataandika kwamba ni mfumo wa kukusanya mapato kwa kusoma dira na kutoa ankara ili mamlaka ijiendeshe. Mama wa kioski ataandika kwamba ni mfumo wa kufikisha maji salama mtaani kila siku ili watoto wasikose shule wakitafuta maji. Sentensi hizi zote ni halali. Usitafute iliyo sahihi. Zitumie kuuliza: kama tungeamini hii ya pili, ni shughuli zipi zingekuwepo ambazo leo hazipo? Pengine ratiba ya mgao kutangazwa mapema na kuheshimiwa. Pengine kipimo cha saa ambazo kioski kimekuwa na maji. Chagua mabadiliko ambayo makundi yote yanaweza kuishi nayo, hata kama bado wanatofautiana kuhusu sababu.

Hatua ya 5: Chora mizunguko

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote kwa mamlaka za maji, kwa sababu matatizo yake makubwa hujilisha yenyewe. Kwa kila jambo uliloliona, uliza: hili likiongezeka, nini kinaongezeka au kupungua? Endelea mpaka mshale urudi pale ulipoanzia. Mizunguko mitatu ninayoieleza hapa utaikuta karibu kila mji, ingawa uzito wake unatofautiana.

Mzunguko wa upotevu. Maji yakivuja, yakiibiwa au yakipita kwenye dira mbovu, mauzo yanapungua. Mauzo yakipungua, fedha ya matengenezo inapungua. Matengenezo yakipungua, mabomba yanavuja zaidi. Gharama ya umeme wa pampu haipungui hata kidogo, maana maji yaliyovuja nayo yalisukumwa. Ucheleweshaji ndio unaoua juhudi hapa: bomba lililobadilishwa leo linaonekana kwenye mapato baada ya miezi, wakati bajeti inafungwa Juni na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai. Meneja anayehukumiwa kwa mapato ya robo mwaka atachagua kampeni ya kukata wadaiwa badala ya kubadili bomba, kila mara.

Mzunguko wa makadirio. Msoma dira akikosa kuingia getini anakadiria. Bili ya makadirio inaleta mlalamikaji. Ili kushughulikia walalamikaji, wasoma dira wanaitwa ofisini au kutumwa kukagua dira moja moja. Muda wa kusoma dira unapungua, makadirio yanaongezeka. Mzunguko huu unaweza kukatwa kwa gharama ndogo: kwa kuhamisha dira kutoka ndani ya uzio hadi nje, na kwa kumtumia mteja ujumbe wa simu wenye tarakimu iliyosomwa siku hiyo hiyo, kabla bili haijatoka, ili aipinge mapema.

Mzunguko wa wateja wapya. Huu unajificha kwa sababu unaanza na habari njema. Mamlaka inaunganisha wateja wengi bila maji kuongezeka kwenye chanzo. Msukumo wa maji unashuka, mgao unaanza. Mabomba yanapokaa matupu yanajaa hewa, na maji yakirudi hewa inasukumwa kupitia dira. Mteja anasema dira yake inasoma upepo, na anaweza kuwa sahihi. Kujaa na kukauka kwa mabomba kunachosha viungio, uvujaji unaongezeka, na pale msukumo unaposhuka sana maji machafu yanaweza kuingia kupitia nyufa. Watu wanajenga matenki, na matenki yanavuta maji mengi kwa pamoja kila mgao unapofunguliwa, hivyo walio mwisho wa bomba hawapati kitu.

Kabla ya kuamini mzunguko, upime. Mafundi wengi hupima mtiririko wa usiku wa manane, kati ya saa 8 na saa 10, wakati watu wamelala. Maji yanayopita saa hizo kwa sehemu kubwa yanavuja. Kwenye mji wa mgao kipimo hicho kinadanganya, maana matenki ya majumbani yanajaa usiku huo huo. Funga eneo dogo, hakikisha matenki yameshajaa, ndipo upime.

Ukimaliza, tafuta mahali pa kubonyeza. Sehemu ambayo kila mtu anaielekezea kidole, kama vile wadaiwa sugu, kwa kawaida ni mwisho wa mzunguko. Nguvu iko kwenye ucheleweshaji na kwenye vipimo: nani anapata taarifa gani, mapema kiasi gani, na anahukumiwa kwa nini.

Hatua ya 6: Kagua muundo

Sasa umejua nini kibadilike. Swali linalofuata ni kama shirika lina viungo vya kubeba mabadiliko hayo. Hapa Beer anatusaidia kwa kazi tano ambazo lazima zifanyike, iwe na watu kumi au elfu kumi.

Kuna kazi yenyewe: kanda zinazohudumia watu. Kuna uratibu, ili kanda zisigongane. Kuna usimamizi wa ndani unaogawa rasilimali na kukagua. Kuna kutazama nje na mbele: mji unakua upande gani, chanzo kitakauka lini, kanuni zinabadilikaje. Na kuna kiungo cha kuamua sisi ni nani na tunasimamia nini, kikiweka mizani kati ya leo na kesho.

Usichore chati ya vyeo. Weka majina ya watu kwenye kazi hizo tano na uangalie wapi hakuna mtu. Mapengo ya kawaida ni mawili. Uratibu haupo: kanda ya juu inafungua valvu yake muda ule ule kanda ya chini ilipotangaziwa maji, kisha kila mkuu anampigia mkurugenzi. Kinachohitajika hapo ni ratiba ya pamoja na kundi moja la simu la wafungua valvu. Kikao cha menejimenti hakihitajiki. Pengo la pili ni kutazama mbele. Kwenye karatasi kuna kitengo cha mipango, lakini watu wake wanashinda wakiandaa taarifa za jana kwa ajili ya wakubwa.

Uratibu mwepesi una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Beer alialikwa Chile mwaka 1971 kusaidia uendeshaji wa viwanda vya umma, na timu yake ikaviunganisha kwa mashine za teleksi, zinazotuma ujumbe wa maandishi kwa waya. Wenye malori walipogoma Oktoba 1972, serikali iliutumia mtandao huo kujua wapi kuna uhaba na kuelekeza magari machache yaliyobaki. Kazi nzima ilikatishwa na mapinduzi ya Septemba 1973, lakini somo la teleksi linabaki: taarifa ya leo ikifika kwa anayeweza kutenda leo, vifaa duni vinatosha.

Kuna jambo lingine la kukagua hapa, nalo ni uwezo wa dawati. Ross Ashby, mwaka 1956, aliweka kanuni kwamba anayetaka kudhibiti hali yenye sura nyingi anahitaji majibu mengi kadiri hiyo. Karani mwenye majibu mawili tu, "jaza fomu" na "subiri", hawezi kuhudumia wateja wenye mambo arobaini tofauti. Mpe ruhusa ya kurekebisha bili hadi kiwango fulani, namba ya fundi wa kanda, na haki ya kusitisha ukataji wakati hoja inachunguzwa. Weka ukaguzi baadaye kwa sampuli. Najua hofu ya rushwa ipo, nayo ni ya kweli. Ila utaratibu wa saini tano haujaiondoa rushwa popote. Umeongeza milango ya kuipitishia.

Hatua ya 7: Jaribu kwa kipimo cha mteja

Chagua mabadiliko mawili au matatu, si kumi. Yajaribu kwenye kanda moja kwa miezi mitatu, huku kanuni zinazopingana nayo zikisimamishwa rasmi kwa barua, ili mkaguzi wa ndani asije kumwadhibu karani aliyefuata jaribio.

Kipimo kiwe cha mteja, kutoka mwanzo hadi mwisho: siku tangu alipoomba hadi maji yalipotoka bombani, siku tangu bomba liliporipotiwa hadi lilipoacha kumwaga, asilimia ya mahitaji ya kasoro dawatini. Ogopa kipimo cha "malalamiko yaliyofungwa ndani ya saa 24". Kitawafundisha watu kufunga hoja kwenye kompyuta na kumfungulia mteja nyingine kesho yake.

Chora matokeo kwa mfuatano wa siku kwenye karatasi iliyobandikwa pale kazi inapofanyika. Wastani peke yake unaficha: wateja tisa waliounganishwa kwa siku 5 na mmoja aliyesubiri siku 95 wanakupa wastani wa siku 14, na hakuna hata mmoja wao aliyesubiri siku 14. Mfuate yule wa siku 95. Mara nyingi utamkuta kwenye kibali cha barabara au kwenye stoo isiyo na dira.

Timu ikutane kila wiki kwa saa moja ikiwa imesimama mbele ya karatasi hiyo. Matokeo yasipobadilika, rudi kuuliza ni mtazamo gani ulioongoza na kama ndio ulistahili. Kama ulirekebisha utaratibu na kasoro zinarudi kila baada ya miezi miwili, kuna mzunguko hukuuona. Kama mizunguko iko sawa lakini watu wanakwamisha kimya kimya, rudi kwenye picha na sentensi za makundi, maana kuna lengo hamkukubaliana. Kama kila kitu kinakwama kwenye meza moja, hilo ni suala la muundo. Na kama takwimu zinapendeza huku mtaani watu wananung'unika, mpaka wako umewaacha nje. Waulize wapangaji na waendesha kioski.

Hatua ya 8: Peleka kanda ya pili

Kishawishi ni kuandika mwongozo wa kurasa 40 na kuusambaza kanda zote kwa waraka. Usifanye hivyo. Kanda ya mjini kati yenye maduka na hoteli haina mahitaji sawa na kanda ya pembezoni yenye vioski. Kinachohamishwa ni namna ya kujifunza. Kanda ya pili ikae dawatini wiki zake mbili, ichore picha zake, ipime mizunguko yake. Itakwenda haraka zaidi kwa sababu wawili wa timu ya kwanza watakuwa wanaisindikiza.

Na daftari la dawati lisifungwe hata baada ya jaribio kuisha. Tenga siku mbili kila mwezi za kuandika maneno ya wateja kama mwanzo, akiwemo yule mwenye madaraka ya kubadili utaratibu. Masika yakianza, hoja zitakuwa za maji yenye tope na mabomba yaliyofukuliwa na mafuriko. Kiangazi kikija zitakuwa za mgao na bei ya ndoo. Mabadiliko yaliyofanya kazi Aprili yapimwe tena Septemba, na yale yaliyoshindwa yaondolewe kwenye utaratibu kwa barua kama yalivyoingizwa.